Ile "p" haikuwa p: herufi za Wagiriki kwa siye wa Kindu



Wiki iliyopita mdogo mmoja wa L1 aliniandikia hivi: "Yaya, kuko herufi moja katika kozi ya fizike, inafanana na v lakini asistanti anaisoma namna ingine. Inaitwaka nani? Naona haya kumuuliza mbele ya watu." Nilianza kumjibu kwa mesaji, nikaona jibu linarefuka, ndiyo maana nimelileta hapa ukurasani. Haya yake ile naijua. Iliniuma mimi kabla yake.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza sikuwa na feza ya silabusi. Nilikuwa nakopia tabloni, na kwa kuwa nilikuwa navuka kwa mtumbwi toka Alunguli, siku nyingi nilifika nimechelewa na kuketi nyuma kabisa. Siku ya somo la presio ya maji, mwalimu akaandika formula p = ρgh. Mimi toka kule nyuma nikaona p = pgh, nikaandika hivyo hivyo katika kaye yangu, nikaenda nyumbani kuisoma kwa moyo. Siku ya intero wakatuuliza kutafuta uzito wa maji kwa kila mita kibe. Nikafikiri kama mtu wa akili: p iko huku, p iko kule, naziondoa zote mbili. Nikabakia na 1 = gh. Nikaiandika! Nikapigia na mstari chini, kuonyesha kama nimemaliza. Kisha wakaniita tabloni nisome formula kwa sauti, nikasoma "pe egale pe je ash", oditwari nzima ikacheka. Nilipata 2 juu ya 10.

Kosa halikuwa la hesabu. Herufi ya pili haikuwa p, ilikuwa ρ, inaitwa ro, na ni r ya Wagiriki. p ni presio, ρ ni uzito wa maji katika mita kibe moja, yaani kilo 1000. Ukijua hiyo, formula inakuwa maneno ya kawaida tu: ukishuka mita 5 chini ya maji ya Lualaba, unapiga 1000 mara 9,8 mara 5, unapata paskali 49 000. Mtoto wa sekondari anaweza. Lakini kama ρ na p ni kitu kimoja machoni pako, hakuna akili inayoweza kukusaidia.

Kinachonishangaza mpaka leo ni hiki: tulifanya sekondari miaka sita tukiandika pi, delta, alfa, lambda, na hakuna siku mtu alituambia kama hizi zote ni ndugu, zinatoka alfabeti moja, na alfabeti ile ina herufi 24 tu. Tulizipokea moja moja kama vile alama za barabara. Wenzetu wa latin-filo walikuwa wakisikia habari za Wagiriki, siye wa mate-fizike tulikuwa tukiandika herufi zao bila kuwajua. Bon. Herufi 24 mtu anazimaliza kwa wiki moja, tena bila kulipa.

Nazigawa kwa vikundi, na sababu ya kuzigawa namna hii mtaiona chini kidogo. Naweka kubwa, kisha ndogo.

Kikundi cha kwanza: Α α alfa, Β β beta, Γ γ gama, Δ δ delta. Ni a, b, g, d. Delta kubwa ni pembetatu, na Wagiriki ndio walioita mdomo wa Nili "delta" juu ya umbo lile. Mto wetu, huu unaopita hapa Kindu ukiitwa Lualaba, hauna delta. Unafika bahari kwa mdomo mmoja mpana.

Cha pili: Ε ε epsilon, ni e fupi. Kisha kuko shimo, herufi moja ilikufa hapo, tutairudilia. Kisha Ζ ζ zeta.

Cha tatu: Η η eta, ni e ndefu, msiisome h wala n. Θ θ teta. Ι ι iota, ni i, na ndogo yake haina kitone juu.

Cha nne: Κ κ kapa, Λ λ lambda, Μ μ mu, Ν ν nu. Ni k, l, m, n. Huyu ν ndiye aliyemsumbua mdogo wangu wa L1.

Cha tano: Ξ ξ ksi, Ο ο omikron, Π π pi.

Cha sita: Ρ ρ ro, Σ σ sigma, Τ τ tau, ambayo walimu wetu wanaisoma "to" kwa Kifaransa. Sigma ndogo ikiwa mwisho wa neno inabadilika, inakuwa ς. Katika fizike hamtaikuta.

Kisha mkia: Υ υ upsilon, Φ φ fi, Χ χ khi, Ψ ψ psi, Ω ω omega. Omega maana yake ni "o kubwa", na omikron ni "o ndogo". Wakatoliki wanaona Α na Ω kila mwaka juu ya ule mshumaa mkubwa wa Pasaka: herufi ya kwanza na ya mwisho. Omikron nayo kila mtu aliisikia mwaka 2021 wakati wa kovidi, OMS ilipokuwa ikiita aina za virusi kwa majina ya herufi hizi. Walifuata mpangilio, lakini toka mu wakaruka nu na ksi: nu walisema inafanana sana na neno la Kiingereza la "mpya", na ksi, ambayo kwa Kiingereza inaandikwa Xi, ni jina la ukoo la watu wengi. Basi ikaangukia omikron.

Sasa sababu ya vikundi. Nilipoamua kuzijifunza sawasawa, nilikuwa nazisema kwa sauti barazani nyumbani, nikitembea huku na huku: alfa, beta, gama, delta... Babu yangu alikuwa ameketi pale na tasbihi yake. Babu alizaliwa Kasongo, na maisha yake yote alifundisha watoto Kurani. Nilipofika "kapa, lambda, mu, nu", bila kuinua kichwa akasema: "Kalamani."

Nikamuuliza, "Babu, unasema nini?"

"Mjukuu wangu, hiyo unayosoma ni abjadi. Ila mtu amekuharibia majina."

Tukaketi. Akaanza kuhesabu kwa vidole: abjadi, hawazi, huti, kalamani, safasi, karashati. Mtu aliyepita chuo cha Kurani kwa mwalimu wa zamani atakuwa anayajua maneno haya. Hayana maana, ni herufi za Kiarabu zimefungwa kwa mafungu ili zikae kichwani. Alfabeti ya Kiarabu inayofundishwa leo, alifu, be, te, imepangwa kwa kufuata maumbo, herufi zinazofanana zikae pamoja. Abjadi ni mpangilio wa zamani zaidi. Na sasa tazameni: abjadi ni a, b, j, d. Alfa, beta, gama, delta. Hawazi ni h, w, z. Epsilon, lile shimo, zeta. Huti ni h ya kooni, t nzito, na y. Eta, teta, iota. Kalamani haihitaji maelezo. Safasi inaanguka juu ya ksi, omikron, pi, na kisha shimo lingine. Karashati inaanza na shimo, inafuata ro, sigma, tau.

Nywele zilinisimama. Si mpangilio tu. Babu akaniambia kila herufi ya abjadi ina hesabu yake, ndiyo wanaotengeneza hirizi wanaitumiaka: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, mpaka ye 10, kisha kafu 20, lamu 30, mimu 40, nuni 50. Wagiriki wa zamani nao waliandika hesabu kwa herufi: alfa 1, beta 2, gama 3, delta 4, iota 10, kapa 20, lambda 30, mu 40, nu 50. Zinakwenda pamoja mpaka 80, ambayo ni pi kwa huyu na fe kwa yule. Hapo zinaachana, juu Wagiriki waliacha herufi moja njiani ambayo Waarabu waliishika: ro ya Wagiriki ni 100, re ya Waarabu ni 200. Na lile shimo la kikundi cha pili, mahali pa wau, lilikuwa na herufi iliyoitwa digama, sauti yake w. Wagiriki wengi waliacha kusema w, herufi ikafa katika maneno, lakini ikabakia kama namba 6. Umbo lake lilikuwa F. Ndiyo hiyo F tunayoandika leo.

Wala Babu hakukopa kwa Wagiriki wala Wagiriki kwa Waarabu. Wote wawili ni watoto wa mtu mmoja, Mfoinike.

Wafoinike walikuwa wafanyabiashara wa bahari, miji yao Tiro, Sidoni na Biblo, nchi ambayo leo ni Lebanoni. (Walebanoni wa kuuza vitu tunawajua Kongo nzima, inaonekana kazi hii wameianza zamani.) Herufi zao zilikuwa 22, zikiandikwa toka kuume kwenda kushoto kama Kiarabu, na zote zilikuwa konsoni. Kila moja ilikuwa na jina la kitu. Alefu ni ng'ombe: pindueni A kichwa chini, mtaona uso na pembe mbili. Beti ni nyumba, sawa na bayti ya Kiarabu, na hiyo bayti ndiyo iliyotupa "ubeti" wa shairi katika Kiswahili. Kwa hiyo beta ya fizike na ubeti wa shairi ni ukoo mmoja. Daleti ni mlango. Memu ni maji, na M mpaka leo ina mawimbi. Aini ni jicho, likawa O. Reshi ni kichwa, ndiyo ro, ile iliyonipa 2 juu ya 10. Kwa Kigiriki majina haya hayana maana yoyote. Alfa kwao si ng'ombe. Hicho ndicho kinachoonyesha kama walikopa.

Na Wafoinike wenyewe hawakutunga toka hewani. Ukirudi nyuma tena, karibu miaka 1800 kabla ya Yesu, unakuta alama za namna hii zimechorwa juu ya mawe Serabit el-Khadim, katika Sinai, mahali Wamisri walipochimba mawe ya rangi ya buluu. Alama nyingine zilipatikana Wadi el-Hol, ndani ya Misri kabisa. Watu waliokuwa wakisema lugha ya ukoo wa Kiarabu na Kiebrania walitazama picha za mwandiko wa Wamisri, mamia ya picha, wakachukua chache tu na kuzitumia kwa sauti ya kwanza ya jina la kitu. Siye watu wa Maniema tunaojua Kalima na machimbo yake, inafaa tukumbuke: alfabeti iliacha baadhi ya alama zake za kwanza katika machimbo.

Kazi ya Wagiriki ilikuja karibu karne ya 8 kabla ya Yesu, na ni ndogo kwa kuitazama lakini ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kwa kuieleza nitatumia mfano wa kwetu.

Waungwana wa Pwani walipofika Nyangwe na Kasongo karne ya 19 walileta Kiswahili, na Kiswahili kile kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip aliyekuwa na makao Kasongo, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapa kwa herufi za Kilatini mwanzoni mwa karne ya 20. Herufi zinafuataka njia ya biashara, na biashara ile ilikuwa ya pembe na ya watu. Hilo babu zetu walilipa, wala halifutiki kwa sababu walituletea kalamu.

Lakini herufi zile zilikuwa na shida kwa lugha yetu. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch. Kwa vokali kina a, i, u. Hakina alama ya kutenga e na i, wala o na u. Andika "choma" na "chuma" kwa herufi za Kiarabu za kawaida: zinatoka sawa. Msomaji lazima ajue kwanza habari inasema nini, ndipo asome. Waandishi wa Kiswahili walitafuta njia, wakaongeza vitone hapa na pale, be yenye vitone vitatu kwa kuandika p, lakini kila mtu kidogo alikuwa na desturi yake.

Mgiriki alikuwa na shida ile ile mbele ya herufi za Kifoinike. Lugha yake imejaa vokali, na herufi alizopewa ni konsoni tupu. Tena baadhi ya konsoni zile zilikuwa za kooni, yeye hazisemi. Akafanya nini? Zile asizozihitaji akazipa kazi mpya. Alefu haikuwa a, ilikuwa ule mkato mdogo wa koo mbele ya vokali. Mgiriki hakuusikia, alisikia a tu, basi akaandika a. He ikawa epsilon. Yodi ikawa iota. Aini, ile sauti ya kooni kabisa, ikawa omikron. Tazameni siye wenyewe: jina Ali na jina Omari kwa Kiarabu yote mawili yanaanza na aini. Nani hapa Kindu anaisema? Tunaimeza, tunabakiza a na o. Mgiriki naye masikio yake yalikuwa kama yetu.

Mwishoni wakaongeza fi, khi, psi na omega ambazo Mfoinike hakuwa nazo. Kwanza kila mji ulikuwa na mtindo wake. Athene ilikubali rasmi ule mtindo wa Ionia, wa herufi hizi 24, karibu mwaka 403 kabla ya Yesu. Wagiriki wengine waliokuwa wamehamia Italia walipeleka mtindo wao kule, ukapita kwa Waetruski, ukafika kwa Warumi, na kwa Warumi ukafika kwa wamisionari na kwetu. Ndiyo maana A, B, E, K, M, N, O, T, Z zenu mnazijua tayari. Umbo moja lilichanganya watu njiani: Χ kwa Wagiriki wa mashariki ilikuwa khi, kwa wa magharibi ilikuwa ks. Warumi walichukua ya magharibi. Na P ya Warumi, kwa bahati mbaya yangu, ilifunga kitanzi cha pi mpaka ikafanana na ro, ndipo ro ikaongezewa mguu, ikawa R.

Herufi ndogo zilikuja nyuma sana. Mtindo wake ulienea katika vitabu toka karne ya 9 baada ya Yesu. Socrates na Plato hawakuona ρ ndogo kama yetu hata siku moja.

Upande huu wa Afrika herufi hizi zilipita pia. Wakopti wa Misri wanaandika kwa herufi za Kigiriki na chache walizoongeza toka mwandiko wa Misri wa zamani. Wanubi, katika Sudani ya leo, waliandika lugha yao kwa herufi za namna hiyo kwa mamia ya miaka. Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, karne ya 4, alichonga habari zake juu ya mawe kwa Kigiriki na kwa Kigeezi. Na kitabu kimoja cha wanamaji kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 kinataja soko la Rhapta, katika pwani ya Afrika ya mashariki, kabla Kiswahili hakijaitwa Kiswahili.

Sasa kuzisoma. Hapo watu wanapigana bure, juu kuko njia zaidi ya moja, na kila moja ina haki yake.

Wagiriki wa zamani walisema beta b, gama g, delta d. Fi, teta na khi zilikuwa p, t, k zenye pumzi nyuma yake. Watu wa Pwani wanaijua pumzi ile: kwao paa la nyumba na paa mnyama havisemwi sawa, mnyama anasemwa na pumzi. Hii namna ya zamani ilitafutwa upya na wataalamu. Erasmus aliandika kitabu juu yake mwaka 1528, na majina tunayofundishwa shuleni yanatokana na njia hiyo.

Mgiriki wa leo hasemi hivyo kabisa. Herufi ya pili kwake ni "vita". Eeh, vita, kama hii tuliyoichoka. Ya tatu ni "ghama", gh kama katika ghali. Ya nne "dhelta", dh ya dhahabu. Teta ni "thita", th ya thelathini. Khi ina kh ya kheri. Kwa mtu wa Zanzibar hizo zote ni rahisi, anazo mdomoni tayari. Siye wa Kindu tunasema gali, zahabu, salasini, heri, kwa hiyo Athene tutasikika tumetoka mbali. Babu angefaulu zaidi yangu, Kurani ilimzoeza.

Lakini kuko mahali tunafaulu. Walimu wa Kifaransa wanasema "mu" na "nu" kwa ile u yao ya kukaza midomo kama mtu anayepiga filimbi. Wanafunzi wetu wengi hawaiwezi, wanasema "mi" na "ni", na wenzao wanawacheka. Wagiriki wa leo wanaziita namna gani? Mi na ni. Sauti ya upsilon ilianza kuwa u, ikawa ile u ya filimbi, kisha ikageuka i, na eta nayo ikageuka i, mpaka leo Mgiriki ana herufi tatu zote zinasomwa i. Kwa hiyo mdogo wangu, ukisema "ni" tabloni na mtu akacheka, mwambie hivyo hivyo wanavyosema Athene. Kisha katika mtihani sema kama mwalimu wako anavyosema, maana yeye ndiye anayetoa pointi.

Kwa mkono, ushauri wangu ni huu. ρ anza chini, panda, zunguka, funga. Usiinue kalamu, na mkia ushuke chini ya mstari. ν ifanye na ncha kali chini na mkono wa kuume umejikunja ndani, v ya kasi iandike wima. η mguu wa kuume unashuka, n haushuki. ω ni ya mviringo, w ni ya pembe. Na ukiwa na mashaka, pima kwa vipimo. Tuchukue E = hν. h ni jule mara sekunde. Kama ile herufi ni nu, yaani mara ngapi kwa sekunde, sekunde zinaondoka, inabakia jule, na hiyo ni nguvu kweli. Kama ni v ya kasi, unapata jule mara mita, kitu ambacho si nguvu. Hesabu yenyewe inakuambia umesoma vibaya. Kama ningejua kupima hivi siku ya ile intero, 1 = gh ingenistua mwenyewe kabla ya kumstua mwalimu.

Nimeacha μ mwisho kwa makusudi, juu hii inapita mambo ya pointi.

Dada yangu mdogo anasomea uuguzi. Jioni moja nilikuwa nashika kaye yake, namuuliza maswali, nikafika kwenye digoksine, dawa ya moyo. Alikuwa ameandika kidonge kimoja: 250 mg. Nikamwambia, "Dada, wewe una uhakika?" Akasema ndivyo ilivyokuwa tabloni. Tukaomba kaye ya mwenzake: 250 ug. Ya tatu: 250 μg. Kaye tatu za oditwari moja, somo moja, saa moja. Kweli ni ile ya tatu. μ mbele ya kipimo ni mikro, sehemu moja ya milioni. Miligramu moja ina mikrogramu 1000. Kidonge kile ni mikrogramu 250, yaani miligramu 0,25. Kaye ya dada yangu ilikuwa na dozi iliyozidi mara elfu moja, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na rangi nyekundu chini.

Mkia wa μ ulikuwa mfupi, chaki ilikuwa nyembamba, yeye alikuwa mbali na tablo. Hadithi yangu ile ile. Tofauti ni kama formula yangu ilikuwa ya maji, na yake ilikuwa ya mtu mgonjwa. Kosa hili halikuzaliwa Kindu. Wataalamu wa usalama wa dawa wanashauri kuacha kabisa kuandika μg kwa mkono, badala yake kuandika mcg au neno zima, mikrogramu. Ninyi mnaosomea udaktari, uuguzi, farmasi na laboratwari, anzeni leo, hata katika kaye zenu za siri.

Ile jioni dada alichukua bic, akafuta zote, akaanza kuandika "mikrogramu" kila mahali. Alikuwa bado na kurasa kumi na nne za kupitia, na umeme ulikuwa umeondoka, basi nikamshikia simu amulikie.